Mama Consolata na Leza Isiyoonekana

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Consolata Valentini anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika kiwanda chetu cha kubangua korosho hapa Lindi. Alianzia meza za kuchambua. Kwa kuwa alipenda kuimba kazini, na sauti yake si ya kwaya, wenzake walimpa meza ya mwisho kabisa.

Mtambo wa leza wa kutenganisha korosho na maganda ulipoletwa, yeye ndiye aliyekabidhiwa. Fundi Yassin alimweleza kwamba ndani mna leza mbili. Nyekundu hutambua rangi. Ya pili ni ya infraredi: mawimbi yake ni marefu kuliko ya mwanga mwekundu, ndiyo maana jicho haliioni. Kipande cha ganda kinaweza kufanana rangi na korosho, lakini mwanga huo ukigonga ganda haurudi kama unavyorudi ukigonga korosho. Hapo mtambo hukipuliza nje.

Mwaka juzi, lori likiwa limeshapakiwa kwenda bandarini Mtwara, Mama Consolata alifungua boksi moja kwa ukaguzi wa mwisho, akakuta ganda. Akafungua la pili, vilevile. Na asubuhi ile ni yeye aliyesema mtambo uko sawa. Meneja wetu, Bwana Jafari, akamwambia meli haisubiri mtu. Tena leza si inawaka, kila mtu anaiona?

“Hiyo nyekundu tunaiona, bosi,” akajibu. “Hii nyingine nani kaiona leo? Mtoto wa mtu akitafuna ganda hili atababuka mdomo. Lori lisitoke.”

Baadaye alituambia alijua anaweza kufukuzwa. Yassin alipopima, akakuta leza ya infraredi imekufa. Nyekundu ilikuwa ikifanya kazi peke yake. Bwana Jafari akavua koti, akashusha boksi la kwanza. Tukachambua kwa mikono sote, meneja naye, hadi mzigo ukaisha. Meli ilituacha. Mnunuzi alipoelezwa ukweli, alikubali kungoja nyingine.

Tangu hapo, kila asubuhi mtambo hulishwa kwanza maganda yenye rangi ya korosho, tuone kama utayatoa. Utaratibu huo ni wa Mama Consolata, na Fauzia, anayempokea, ameshaushika.

Mama anarudi Rutamba kwenye mikorosho yake. Ahsante, Mama, kwa kulizuia lori lile. Mungu akujalie afya, mvua za wakati, na usingizi wa mchana usiokatizwa na king'ora cha zamu.