Baiskeli Iliyokataa Kumponya Mhina

Nilikuwa napepeta mahindi mbele ya nyumba, ungo mapajani, Hiza alipofika na baiskeli akiwa na habari kutoka zahanati. Presha ya kaka yake, yaani mume wangu Mhina, haijashuka. Mganga kasema wakipima tena na kuikuta vilevile, atapelekwa kulazwa Tanga. Niliweka ungo chini. Mhina akilazwa Tanga, nani atamuuguza huko, na nani atabaki na watoto hapa? Benchi la wanywa kahawa liko karibu na mlango wangu, pale mabasi yanaposimama hapa Mkata, kwa hiyo kabla sijasema neno, benchi lilishasema.

— Si aliambiwa apande baiskeli kila siku? aliuliza Mdoe, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki.

— Anapanda, Hiza akajibu. Shamba la kijiji kwa baiskeli, mkutanoni kwa baiskeli, msikitini kwa baiskeli. Hata jioni ya kupunga upepo tu.

— Basi mganga katudanganya.

— Hajadanganya, nikasema. Alinieleza mimi mwenyewe. Baiskeli inaupa moyo nguvu, inapunguza mwili, inaleta usingizi. Hata sekondari tulifundishwa.

— Sasa Mama Swaumu, mbona mwenzio anazidi kujaa?

Kibwana, fundi baiskeli mwembamba tunayemwita Spoku, alipuliza kikombe chake.

— Kosa ni la baiskeli. Ile ya kwao ni ya Kihindi, nyepesi. Mganga alitaka ya Kichina. Ile nzito, inakutoa jasho.

— Wachina wanatujengea reli, watutoe na jasho pia?

— Cheka tu, Redio. Wewe umemwona lini Mhina ana jasho?

Redio akafikiri kidogo.

— Basi ni upepo. Anakwenda uso mbele, upepo unaingia mdomoni, tumbo linajaa. Angegeuka.

— Aendeshe kinyumenyume?

— Akae kinyumenyume! Hilo linawezekana kabisa.

— Tulijaribu Jumanne, Hiza akasema. Alipata kizunguzungu.

Wote wakatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha Spoku akamkazia macho Hiza.

— Hebu simama. Huyu si ndiye aliyekuwa akihema kwa kupanda kilima tu? Mtazameni mapaja!

— Ni kweli, Hiza akasema kwa aibu. Siku hizi nalala kama gogo. Na njaa ninayosikia, shemeji anaijua.

Naijua. Sufuria langu linaijua.

— Nimepata! Redio akaruka. Afya ya kaka inahamia kwa mdogo! Inapita kwenye chuma. Kama umeme unapita, afya itashindwa? Wafunge mpira katikati.

— Mpira wa ndani ninao, Spoku akasema, naye hatanii.

Kulikuwa na mama mmoja amekaa juu ya furushi lake, anangoja basi la Korogwe. Alisema kwao ni Mpale. Akarudisha kikombe kwa muuza kahawa.

— Samahanini jamani. Anayekanyaga pedali ni nani?

Redio alitazama ndani ya kikombe. Spoku alitazama miguu ya Hiza. Mimi niliuinua ungo, nikaanza kupepeta mahindi yaliyokwisha kuwa safi.

— Mama, yule ni kaka yangu mkubwa, Hiza akasema mwishowe. Nikae kwenye keria, yeye anibebe?

— Sikusema akubebe, baba. Nimeuliza tu.

Basi lake likaja, akapanda.

— Hiza, nikamwambia, mpelekee kaka yako hiyo baiskeli huko zahanati. Aendeshe polepole, kwenye kilima ashuke asukume. Wewe urudi kwa miguu.

— Shemeji, watu watanionaje?

— Watakuona unatembea.

Jua lilikuwa linazama Hiza alipotokea, peke yake. Nilichungulia barabara mara nyingi kuliko ilivyonipasa. Kisha nikasikia kengele, na Mhina akaja akiyumba, shati limegandia mgongoni, hana hata pumzi ya kunigombeza.

Alikunywa maji, akakaa mkekani. Nilipakua ugali na mlenda, nikawahesabu: Swaumu na wadogo zake, Hiza, Mhina. Wote wapo.

— Na kesho? Mhina akauliza, akijikanda mapaja.

— Kesho shambani. Nawa mikono, ule.