Fundi Aliyekipa Chuo Jina la Mapazia

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi cherehani. Ndiyo, fundi cherehani. Mama aliyekipa chuo kikuu jina.

Jina rasmi la chuo kile ni refu, nikilitaja lote kipindi kitaisha. Kifupi chake kina herufi sita, na hapa nimeandikiwa kwenye karatasi, maana hakinikai kichwani. Nami nimesoma palepale! Lakini uliza mtu yeyote mtaani. Atakwambia, "Aah, Mapazia!" Hata dada anayepokea simu ofisini kwao huitika, "Mapazia, habari za asubuhi."

Jina hilo lilitoka kwenye cherehani ya marehemu.

Mkuu wa kwanza wa chuo alisafiri siku chache kabla ya mechi kubwa. Akamwachia Fundi, mshonaji wa chuo, agizo: timu isiingie uwanjani bila jezi. Agizo aliacha. Kitambaa hakuacha. Fundi akazunguka majengo yote, akafika ukumbi wa mikutano, akainua macho. Mapazia mapya. Maua ya njano, makubwa kama sahani.

"Mama aliyashusha yote," anasema binti yake. "Alisema agizo ni agizo."

Basi timu ikaingia uwanjani imechanua. Jezi ya kipa ilikuwa bado na pete za pazia mgongoni. Kila akiruka, zinalia. Uwanja mzima ukapiga kelele, "Mapazia! Mapazia!" Beki wa wapinzani akacheka mpaka akashika mbavu, na mpira ukampita hapo hapo. Bao moja kwa bila. Tulishinda. Narudia: tulishinda, tena na mapazia.

Mkuu akarudi, akaongoza kikao kwenye ukumbi uleule huku jua likimpiga usoni. Alinuna huyo! Hakumfukuza Fundi, lakini habari za jezi zile hakuzigusa tena. Hilo ndilo lililomkereketa marehemu maisha yake yote. Jina la utani hakulijali, wala vicheko. Alitaka neno moja tu kutoka kwa aliyemwagiza kazi.

"Hata alipokuwa kitandani aliniuliza," anasema binti yake. "'Hivi yule mzee hajasema kama zilipendeza?' Namwambia, 'Mama, pumzika.' Ananijibu, 'Nitapumzikaje, na mabega yale niliyapima kwa macho!'"

Jana tulimzika. Mkuu alikuja, mzee kweli sasa, ameshikiliwa na mjukuu wake. Akasogea mpaka kando ya kaburi. Kisha akasema, "Fundi, zile jezi ziliwakaa vizuri vijana wangu. Hasa mabegani."

Binti akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi pia, sioni haya kusema.

Familia ya marehemu, poleni sana. Poleni nanyi wana Mapazia wote, popote mlipo. Na wewe unayenisikiliza, kuna mtu alikufanyia kazi nzuri, ukamnunia. Mpigie simu leo. Fundi wetu alilisubiri neno lile tangu siku ya mechi, na lilipokuja, tulilisikia sisi.