Nani Alizima wa Kwanza

Benchi letu liko nje ya geti la kiwanda cha mashati, karibu na birika la kahawa, na mimi mpiga pasi nina kona yangu hapo, mtu asiikalie. Jana msimamizi alipigilia misumari madirisha yote ya ukumbi, eti vumbi linachafua kola nyeupe. Ilipofika saa tano joto likawa halivumiliki, na mashine sitini zikazimwa ndani ya dakika moja. Leo anataka jina la kiongozi wetu kabla ya kengele ya saa nne ya kurudi kazini, la sivyo anamfukuza Mama Kola, mshona kola mwenzetu, kwa kuwa kiti chake ndicho cha kwanza kwenye mstari. Nina hasira.

— Sema kweli, Mama Kola, akaanza Profesa, mkata vitambaa anayejua kila kitu. Ulianza wewe?

— Nianze nini? Nilisikia mashine ya huyu jirani yangu Vifungo imenyamaza, nami nikazima.

— Wee! Vifungo akaruka. Mimi nilizima baada ya kuona mikono yako imetulia!

— Basi ni umeme, akasema Profesa. Umeme una akili. Ukiona watu wanaonewa, unakatika.

— Taa zilikuwa zinawaka, ndugu yangu, akajibu Vifungo.

— Basi mmegeuka siafu. Siafu hawana bosi. Wa nyuma anamfuata wa mbele, wa mbele anamfuata wa nyuma. Ndiyo maana wahenga wakasema, haraka haraka haina baraka.

— Methali hiyo imeingiaje hapa? nikamuuliza.

— Imeingia kwa miguu yake.

Tukacheka. Mama Kola hakucheka. Wajukuu watatu wanakula kwa kiti kile.

— Nitajeni tu mimi, akasema. Yaishe.

— Thubutu! nikamkatiza. Pasi nilizima kwa mkono wangu huu, sikutumwa na mtu. Kila mmoja alichoka mwenyewe, akamtupia jicho jirani yake, basi. Akitaka aliyeanza, amtafute aliyeshika nyundo!

Hapo akaja dada mmoja tusiyemjua, bahasha mkononi.

— Hamjambo jamani? Nimeambiwa nianze kazi leo saa nne. Kiti cha kwanza, upande wa kola. Kilikuwa cha nani?

Profesa akachungulia kikombe chake. Yule dada akatutazama mmoja mmoja, macho yakaishia kwa Mama Kola, aliyekuwa anajifuta uso kwa ncha ya khanga. Akaikunja ile bahasha, akaitia kwenye mkoba.

— Sogeeni kidogo, akasema.

Tukasogea, akakaa. Kengele ikalia. Hakuna aliyeinuka, na nawaapia, hakuna aliyemwambia mwenzake asiinuke.