Shimo la Mwalimu Othmar

Baba Padre, ndugu wafiwa, majirani wa Mbuji na ninyi mliopanda kutoka ziwani, mimi ni Placidi Hyera, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia kusoma habari za maisha yake, na nitazisoma zote, pamoja na zile ambazo jana jioni tuliombwa tuziruke.

Mwalimu Othmar Hyera alizaliwa hapa Mbuji tarehe 16 Novemba 1911, mtoto wa kwanza wa mzee Wolfgang na mama Otilia, akaanza masomo Kigonsera mwaka 1922, akapata cheti cha ualimu tarehe 9 Desemba 1932, akafundisha hapa nyumbani kuanzia Januari iliyofuata. Tarehe 24 Julai 1935 alifunga ndoa na shemeji yetu Tadea, wakajaliwa watoto wawili, Ildefonsi na Serafina.

Somo lake lilikuwa jiografia, na lilimkasirisha sana, maana watoto wetu walikaririshwa mito ya Uingereza mmoja mmoja, ilhali hakuna aliyeweza kueleza kwa nini ziwa lao wenyewe lina kina kirefu namna ile. Yeye aliwafundisha kwamba dunia ina matabaka, kwamba udongo tunaoulima ni ngozi tu, chini yake kuna mwamba, na chini kabisa kuna joto la kuyeyusha mawe, na kwamba nchi ilipasuka ufa mrefu kutoka kaskazini, Ziwa Nyasa likakaa ndani ya ufa huo.

Januari 1947 alihamishiwa shule moja ya kando ya ziwa, ambayo sitaitaja kwa heshima ya Padre, si kwa heshima ya shule. Huko, tarehe 14 Mei, alichimba na wanafunzi shimo la kimo cha mtu, waone kwa macho yao udongo mweusi, kisha mwekundu, kisha changarawe, kisha jiwe, akaliacha wazi ili darasa jingine lilitazame kesho yake. Sisi Wamatengo tumekulia katikati ya mashimo ya ngolo, yale tunayochimba milimani kuzuia maji yasibebe udongo, yanakaa wazi shambani msimu mzima na hakuna anayeshtuka, lakini kwa watu wa kule shimo la urefu ule halilali wazi bila maiti, wanasema linaita mtu, na kaka hakulijua hilo, wala hakuna mwalimu mwenzake aliyemwambia.

Tarehe 17 ardhi ilitetemeka, vyungu vikavunjika, na tarehe 19 mzee Ignatio, jirani wa shule, akafariki. Watu waliponong'ona, mkuu wa shule, msomi aliyejua vizuri kwamba tetemeko halitokani na jembe, alinyamaza, na tarehe 2 Juni akamfukuza kaka kwa barua iliyosema amehatarisha maisha ya watu. Hebu nielezwe, futi sita za udongo zinatikisaje ziwa zima? Miaka tisa kaka alilima kahawa, hakupewa darasa tena, na wanawe waliitwa watoto wa mchimba makaburi. Inaniuma, na sitaficha. Jana mkuu huyo, ambaye siku hizi anakaa karibu na hapa, alituma mtu msibani, tuseme tu kwamba marehemu aliacha kazi. Hakuacha kazi, alifukuzwa, na kila aliyeko hapa amesikia.

Mwezi Februari mwaka huu wa 1956 aliugua ini, akatibiwa misheni, akarudi nyumbani, na jana, tarehe 3 Agosti, saa nne asubuhi, akatutoka.

Tunamshukuru daktari wa misheni na masista, majirani waliombeba kwa machela, na walimu wachache ambao hawakuona aibu kumtembelea.

Wa mwisho kumshukuru ni mama Lusia, binti wa mzee Ignatio, aliyetembea siku mbili kutoka ziwani aliposikia mwalimu amezidiwa, akafika saa tano, macho tumeshayafumba. Alitaka kumwambia kwamba baba yake alikuwa akikohoa damu tangu Kwaresima, kwamba alimweleza hivyo mkuu wa shule siku ileile ya mazishi, naye akamwambia anyamaze. Familia imeamua kwamba leo udongo wa kwanza utatupwa na mama Lusia, na sisi tutamfuata.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, shimo lako halikuua mtu.