Kalamu Nyekundu ya Bwana Garama

Bwana Garama Kambi, karani wa masjala ya shule yetu hapa Gede, anastaafu Ijumaa tarehe 31 Julai 2026 baada ya kutumikia miaka thelathini kamili. Walimu wakuu sita wamekuja na kuondoka wakamwacha mezani pake. Hakuna cheti kilichowahi kupotea mikononi mwake, na panya wa stoo walikwisha kata tamaa zamani.

Anayeandika haya ni mwalimu wa hesabu. Nimepewa kazi hii ingawa wenzangu wanajua kuwa katika kosa lake kubwa nami nina fungu langu.

Ni desturi ya shule yetu kwamba wanafunzi wa zamani walioko vyuoni huleta matokeo yao, naye Bwana Garama huyanakili katika Kitabu cha Wahitimu na kumpelekea mzazi nakala. Alama yoyote iliyo chini ya arobaini aliiandika kwa wino mwekundu. Wako wazazi waliokuwa wakitafuta kiti kwanza kabla ya kufungua bahasha.

Mwaka 2022 yalifika matokeo ya Mwanamina Hamad kutoka Italia, alikokwenda kusomea uhandisi. Ishirini na nane. Ishirini na saba. Ishirini na tisa. Thelathini. Msichana aliyekuwa wa kwanza hapa miaka minne mfululizo! Bwana Garama akaniletea karatasi, nikapiga wastani, nikapata ishirini na nane na nusu, nikatikisa kichwa. Kando ya ile thelathini palikuwa na neno moja la Kiitaliano. Tukakubaliana kuwa ni onyo la mwisho.

Nakala ikaenda Malindi kwa baba yake, Mzee Hamad, nyekundu kutoka juu hadi chini. Kumbe Mwanamina alikuwa amekwisha mpigia simu kumwambia kuwa amefaulu vizuri sana. Mzee akaona bintiye anamwongopea, akampa wiki moja awe amerudi nyumbani.

Bwana Garama hakupata raha. Akitafuta la kumtetea mtoto, aliamua kuusoma mfumo wa elimu wa Waitaliano na kuuchora kwenye karatasi ya manila aliyoibandika ukutani. Huko mtoto husoma msingi miaka mitano, sekondari ya kwanza mitatu, ya pili mitano, na hiyo ya pili ina milango mitatu: wa masomo ya vitabuni, wa kiufundi na wa kazi za mikono. Chuo kikuu miaka mitatu ni shahada, miwili tena ni shahada nyingine, ila zipo kozi za mitano bila kukatwa, na ya utabibu ni sita. Sisi tulikuwa tunatoka mfumo wetu wa nane-nne-nne kuingia mtaala mpya, na hata huo wetu ulikuwa haujatukaa kichwani. Mwalimu mkuu aliposikia kuwa mwanachuo wa huko anaweza kuikataa alama aliyopewa akarudia mtihani, aliagiza manila ishushwe kabla wanafunzi hawajaiona.

Siku ya sita akaja Cynthia, mwanafunzi wetu wa zamani anayefanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Watamu na anayekijua Kiitaliano. Alifuata nakala ya cheti chake. Akaiona karatasi ya Mwanamina mezani, akapiga kigelegele mle mle ofisini. Vyuo vya huko husahihisha kwa thelathini, akatueleza, na kufaulu ni kumi na nane. Lile onyo letu ni sifa anayoongezewa aliyepata zote kwa ubora.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwingine angeandika barua ya masahihisho. Bwana Garama alivaa koti lake la hafla, akaenda Malindi saa ile ile, akatoa shikamoo na kusema mbele ya familia nzima kwamba aliyekosa ni yeye. Mimi hakunitaja. "Kumbe mwanangu hakuniongopea," Mzee Hamad akasema, akachukua simu kumtaka radhi bintiye. Tiketi ya Mwanamina ya kurudi ilikuwa ya kesho yake.

Mwanamina alipohitimu alileta alama mia na kumi. Hakuna aliyegusa kalamu. Bwana Garama aliuliza kwanza ni kati ya ngapi. Mia na kumi. Kwa nini isiwe mia, mpaka leo sijaelewa.

Juzi alimkabidhi kalamu nyekundu karani mpya, Karisa, ikiwa imefungwa kikaratasi: "Uliza kwanza: kati ya ngapi?"

Ahsante, Bwana Garama. Kapumzike shambani kwako Sabaki, ule jasho lako kwa afya na amani. Kwa ombi la Mwanamina, Karisa amekwisha liandika jina lako katika Kitabu cha Wahitimu, kwa wino wa buluu: thelathini kati ya thelathini, na lile neno kando yake.