Chatu Aliyeungua Ubavu

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu, seremala alikuwa akimweleza fundi umeme, mtu asiyemjua, kwamba amemjengea chatu wake nyumba kwa kabati la nguo la mkewe. Aliweka balbu ndani, na sasa chatu ameungua ubavu. Nikapandisha miguu yangu kitini, ingawa chatu alikuwa nyumbani.

“Balbu uliizungushia wavu?” fundi akauliza.

“Wa nini? Si akiona inaunguza atajitoa?”

“Hajitoi, kaka. Ataikumbatia mpaka aive. Weka wavu, funga kidhibiti joto, na balbu ikae upande mmoja, ili akitaka ubaridi ahamie wa pili.”

“Yaani nyoka awe na vyumba viwili! Mke wangu nguo zake ziko kwenye magunia.”

“Basi mrudishie kabati lake.”

“Amekataa. Anasema mgonjwa hahamishwi. Yeye ndiye anampaka dawa, na mimi, kwa kosa la balbu, nalala sebuleni kwenye baridi.”

Fundi akakohoa kuficha kicheko. Treni iliposimama, seremala aliinuka, akamwinamia.

“Hicho kidhibiti joto,” akanong’ona, “sebuleni hakifungiki?”