Jiko Lisilotoa Moshi

Nawasalimu katika jina lake Yeye aliyempulizia mwanadamu pumzi puani. Neno hilo, pumzi, nimelifikiria wiki nzima. Mke wangu, aliyeketi pale mbele, ameniambia kwamba nikizidi kufikiri nitashuka mimbarini kabla sijasema lolote. Basi niseme.

Ninyi wa hapa Kawangware mnanijua kama yule Mtanzania wa chuo kikuu. Mwaka jana, kabla ya kuhamia kwenu, tulipanga chumba kimoja Gatwekera, kule Kibera. Nilikuja Nairobi kusomea shahada ya pili ya kemia. Naomba mlikumbuke hilo la kemia, maana ndilo linalonitia aibu kuliko yote.

Mke wangu alinifuata mwezi wa sita, baridi ilipokuwa inaanza. Ninyi wenyewe mnaijua baridi ya mwezi wa saba: mawingu hushuka, jua halionekani, na moshi hukosa pa kwenda. Kwetu ulikaa vibaya zaidi, kwa kuwa jirani yetu, mama mmoja wa kutoka Magharibi mwa Kenya, aliuza supu ya vichwa vya mbuzi. Vichwa na kwato huchomwa kwanza ili manyoya yatoke. Kuni zilikuwa ghali, hivyo yeye alichomea kwa vipande vya tairi kuukuu.

Ndugu zangu, nawaambia bila kupamba: ulikuwa uchafu. Moshi mweusi, mzito, wenye mafuta. Uliacha utando wa masizi juu ya maziwa. Tulipopenga, kamasi ilitoka nyeusi. Shuka zilinuka mpira na manyoya yaliyoungua, na mke wangu alitapika asubuhi tatu mfululizo. Haikuwa mimba, ilikuwa harufu. Niliuchukia moshi, kisha nikamchukia mwenye moshi. Niliweka daftari la saa aliyowasha na saa aliyozima. Kila alipowasha, niligonga ukuta kwa mpini wa ufagio.

"Mama, unatuua!"

"Haiya, daktari! Kwani huko kwenu mbuzi inakuliwa na manyoya?" Wateja wake wakaangua kicheko. "Na hiyo Kiswahili yako ya redio! Hata ukigombana, mtu anafikiri unasoma habari."

Mke wangu hakugombana naye. Kila asubuhi alimwamkia "shikamoo, mama," na yule mama, ambaye hakuizoea salamu hiyo, alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi nilimwandikia chifu barua ya kurasa tatu, nikiomba jirani huyu ahamishwe. Niliipeleka kwa mkono wangu.

Jibu lilipochelewa, niliamua kujikinga mwenyewe. Vyumba vile vya udongo huachiwa mwanya wa vidole vinne kati ya ukuta na mabati. Mtunza ploti, yule msimamizi wa vyumba vyetu vya kupanga, alikuwa ameniambia siku ya kwanza, "Hiyo nafasi usifunge, msomi. Ni ya jiko." Niliona ni kisingizio cha ujenzi mbovu. Jumamosi moja asubuhi nilikoroga gundi ya unga wa ngano, nikaujaza mwanya wote magazeti, nikaziba na chini ya mlango. Kisha, kwa kuwa kulikuwa na baridi, niliwasha jiko nje kama wafanyavyo wote, nikangoja makaa yawe mekundu na moshi ukatike, ndipo nikaliingiza ndani. Nilijivuna. Chumba safi, makaa safi.

Baadaye mke wangu akasema, "Kichwa kinanigonga."

"Ni moshi wake umepenya," nikamjibu. Nikachana gazeti jingine, nikaziba tundu la kitasa.

Yeye akalala. Mimi nikaendelea kuandika, hadi nilipoona mistari yangu inapanda na kushuka. Hapo ndipo nilipofahamu. Makaa yanayowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza jambo hilo hilo! Nilijaribu kusimama, miguu ikakataa. Na mniamini, fahamu zangu za mwisho nilizitumia kujadili iwapo makaa yale yalitosha kuleta athari hiyo. Mke wangu yuko hatua mbili kutoka nilipo, nami nafanya hesabu.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Mama aliwasha tairi lake la kwanza siku hiyo, akasubiri ufagio. Kimya. Akamwambia mteja, "Huyu leo amenyamaza, na kufuli haiko nje. Wako ndani." Akabisha hodi mara mbili. Mara ya tatu alibisha kwa shoka la kupasulia vichwa.

Nilizinduka matopeni, kando ya rundo la kwato, nikiuvuta ule moshi wa tairi kwa uroho. Mke wangu alikuwa amelazwa karibu nami, hajazinduka. Mama alikuwa akimpiga makofi mashavuni: "Wewe msichana, amka! Nani ataniambia shikamoo?" Sijui zilipita dakika ngapi, kwa mara ya kwanza sikutazama saa. Mke wangu alipokohoa, nililia mbele za watu.

Vijana wa ploti walimkimbiza hospitali kwa mkokoteni. Aliporudi siku ya nne, nilikwenda kwa jirani kuungama.

"Mama, nilimwandikia chifu barua ya kukushtaki."

"Najua. Karani wa chifu anakunywa supu kwangu. Alinisomea yote."

"Ulijua lini?"

"Wiki mbili sasa."

"Na bado ukavunja mlango?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye ambaye sijasoma. "Sasa nikuache ufe ndiyo nishinde kesi?"

Ndugu zangu, nimechukizwa na mengi maishani, lakini sijawahi kuchukizwa na kitu kama nilivyojichukia dakika ile. Mwezi mzima sikuweza kuketi chumbani mlango ukifungwa, wala kuandika. Mama alinipa kigoda mlangoni pake. Nilianza kumletea vipande vya mbao kutoka kwa maseremala, naye akapunguza matairi, si kwa kunihurumia bali kwa sababu mbao zilikuja bure.

Sikuja kuusifu moshi. Moshi wa tairi ni uchafu, na hadi leo nikiunusa natema mate. Nilikosea kudhani kwamba kilichonichukiza ndicho pekee ambacho kingeweza kuniua.

Namshukuru mama yule, vijana wa mkokoteni, nanyi mliotupokea. Mwezi wa saba umefika. Leo wengi wenu mtaingiza jiko ndani, na mtaliamini kwa kuwa halitoi moshi. Tafadhali inueni macho juu ya ukuta. Mkikuta mwanya umezibwa, uzibueni, hata kama harufu ya jirani itaingia. Mtakohoa. Anayekohoa yu hai.